Mizani ya Babu Imo Sebuleni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, Maskati)



Kamati imenitaka nizungumze juu ya mapambo ya nyumba. Nilipoletewa ombi hilo nilicheka, kwani mimi nimeimaliza miaka yangu ya kazi katika vitabu vya hesabu, na kama yuko mtu katika ukoo huu asiyejua pazia lipi linakwenda na zulia lipi, basi ni mimi. Lakini Katibu akanifafanulia kuwa makusudio yake ni vile vyombo vya kazi vya zamani, vya chuma na vya shaba, ambavyo siku hizi karibu kila nyumba yetu imeviweka ukumbini: vyerehani, karabai, pasi za makaa, makapi ya kutwekea tanga, na, juu ya vyote, ile mizani. Hapo nikafahamu kuwa sikuitwa kusifu mapambo. Nimeitwa kujieleza, nami nitajieleza.

Kwanza niseme kuwa desturi hii si yetu peke yetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wasanii wa New York walihamia katika ghorofa za viwanda vilivyofungwa mtaa wa SoHo, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo. Nguzo za chuma, mabomba na taa kubwa za karakana wakaviacha mahali pake. Kuviondoa kungetaka fedha, na fedha hawakuwa nazo. Umasikini wao ukageuka mtindo, na mtindo ukageuka biashara, hata leo viko viwanda vinavyotengeneza taa mpya kabisa na kuzitia kutu kwa makusudi. Kwetu pwani, mbao za majahazi yaliyokufa zimekuwa meza na vitanda vya mahoteli ya Unguja na Lamu. Na hapa Maskati, rafiki yangu mmoja aliyestaafu kazi ya mafuta ameweka valvu ya bomba, nzito kama ndama, katikati ya majlis yake. Mafuta ya kwanza ya nchi hii yalipakiwa merikebuni Mina al Fahal mwaka 1967, na yeye huona fahari kuwa chuma kile kilikuwemo katika kazi hiyo tangu zamani. Mkewe huona kuwa kinaharibu zulia. Wote wawili wana haki.

Wenyeji wa mji huu nao wana chombo chao. Wazee wa Maskati watakwambieni kuwa kabla ya mwaka 1970 malango ya mji yalifungwa usiku, na mtu aliyetembea ndani baada ya saa hizo alilazimika kubeba fanusi yenye moto. Leo fanusi za namna ile zinauzwa sokoni Matrah kwa watalii, na katika nyumba za Maskati zinaning'inia zikiwa na balbu ndani yake. Mtoto huiona ni pambo. Babu yake huikumbuka kama amri.

Sisi tuna sababu yetu ya kuvipenda vitu hivi, nayo naiona wazi. Mtu aliyetoka Unguja au Pemba mwaka 1964 na miaka iliyofuata hakutoka na mizani mgongoni. Alitoka na mfuko mmoja, na wengine bila ya mfuko. Nyumba tulizojenga hapa ni nzuri, ni nyeupe, zina baridi ya mashine, lakini ni mpya. Hakuna ukuta ndani yake uliomwona Bibi. Basi likipatikana pande la chuma lililoshikwa na mkono wake, hulileta ndani na kuliweka pahala pa heshima, na mgeni akiuliza tunapata la kusimulia. Hilo silioni kosa. Kosa, kama liko, linaanza pale tunapokitengeneza chombo kipendeze mpaka kikashindwa kusema lolote.

Nitatoa mfano wa cherehani, kwa kuwa ni wepesi kuliko wa mizani, na kwa kuwa aliyehusika ameniruhusu niutaje.

Cherehani cha Bibi ni Singer ya miguu, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma cha kalibu iliyofumwa kama lesi. Zilikuwa nyingi Afrika Mashariki, na nyingi zikitoka katika kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Bibi alikishona nacho kila kitu: kanzu, mabuibui, sare za skuli, mapazia ya watu. Miaka ya kwanza ya Maskati, walipokuwa watu tisa katika vyumba viwili, cherehani hicho ndicho kilicholeta chakula kabla mtu yeyote hajapata kazi ya ofisini. Kilipofika kwa mkwe wangu, yeye akakiondoa kichwa cha mashine, akaweka juu ya ile miguu bakuli la marumaru, na leo ndiyo sehemu ya kunawia mikono wageni. Nakiri kuwa inapendeza. Lakini kichwa chenyewe kilikaa chini ya ngazi, ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka kimbunga cha Gonu cha Juni 2007, maji yalipoingia nyumba nyingi za Qurum na ile yao ikiwemo. Kilikaa ndani ya tope siku tatu.

Kimepona, na nimekileta hapa leo. Aliyekiponya ni mjukuu wangu, msichana wa miaka 14 wakati huo, kwa maji safi, kitambaa, mafuta mepesi ya cherehani na subira. Nasema subira kwa sababu wengi wetu tukiona uchafu hukimbilia spiriti. Zile nakshi za dhahabu juu ya Singer ya zamani zimebandikwa na kufunikwa kwa vanishi, na spiriti huiyeyusha vanishi ile ikaondoka na dhahabu yake. Dakika tano tu, nakshi iliyodumu miaka 80 inabaki juu ya kitambaa. Na katika mashine iko namba iliyogongwa. Anayejua kuisoma ataweza kuambiwa zama iliyotengenezwa. Msiipige msasa namba hiyo. Hali kadhalika karabai: anayetaka kuitia umeme asilitoboe tangi lake, bali apitishe waya kwa nje. Na hewa ya bahari ya Maskati haina huruma na chuma. Kisipopakwa mafuta au nta kwa uchache mara moja kwa mwaka, kutu hurudi.

Kabla sijaingia katika mizani, niseme neno moja nje ya mada. Kuna jamaa waliouliza kama milango ya nakshi ya Mji Mkongwe inaweza kununuliwa na kuletwa huku, na mwengine, baada ya sehemu ya Beit al Ajaib kuanguka tarehe 25 Disemba 2020, aliniuliza kama kipande cha chuma chake hakiwezi kupatikana. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, na nguzo zake za chuma ni mali ya mji. Chombo kilichotupwa tunakiokota, kisichotupwa hatukiokoti. Wala hatukosi mfano mwema hapa hapa. Watu wa Sur walipotamani kuiona tena jahazi yao ya Fatah al Khair, iliyojengwa kwao mwaka 1951, waliinunua kutoka Yemen na kuirudisha kwao mwaka 1993, nzima, na leo imesimama mjini mwao kila mtu akiiona. Walirudisha kilichokuwa chao mahali kilipotoka.

Sasa mizani.

Wachache mliopo hapa mnaikumbuka ilipokuwa ikifanya kazi. Babu alikuwa na duka dogo Pemba, upande wa Wete, na msimu wa karafuu alikuwa akinunua karafuu kavu kwa majirani wenye miti michache, akizikusanya gunia kwa gunia na kuzipeleka mjini. Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya karafuu tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja. Mashamba makubwa ya zama zile yalipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, ambao amri ya kuufuta utumwa wao ilitoka mwaka 1897. Nalitaja kwa sababu vijana wetu huniuliza, na wana haki ya kujibiwa. Baadaye mchumaji alilipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Lakini zikishaanikwa juu ya majamvi na kukauka, hapo neno lilikuwa la frasila na mizani. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16.

Mwaka 1964 duka lilitoka mikononi mwetu, na mizani ikabaki dukani. Kwa miaka 32 ikawapimia wengine mpunga, nazi na sijui nini, na historia hiyo ni yao, si yetu. Mwaka 1996 mpwa wangu, akiwa Wete pamoja na binamu yake, aliiona katika kiwanja cha mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliitambua kwa jina la Babu lililochongwa kwa herufi za Kiarabu katika mti wa nguzo yake. Mwenye kiwanja hakuvutiwa na jina; aliibeba, akaiweka juu ya mizani yake mwenyewe, akataja bei kwa kilo. Ikaja kwa boti mpaka Unguja, na kwa meli mpaka Mina Qaboos, ambayo siku zile ilikuwa bado bandari ya mizigo. Nilikwenda kuipokea, na sioni haya kusema kuwa nililia.

Ilikuwa nyeusi kwa grisi na vumbi. Wiki ile ile nikaipeleka kwa fundi katika karakana za Wadi Kabir, nikamwambia: nataka ing'are. Fundi yule hakukosa. Alifanya hasa nililomwambia. Alivipaka vyuma rangi nyeusi ya mafuta, na mkono wake wa shaba, ule wenye alama za ratili ambapo jiwe dogo huteleza, akaupiga msasa na kuusugua kwa mashine mpaka ukawa kioo. Iliporudi nyumbani, watu walikuja kuitazama kama bibi harusi.

Hitilafu ya kwanza niliiona mwenyewe. Mizani ya namna ile ina nyenzo chini ya jukwaa, nazo hukalia ncha kali za chuma mfano wa makali ya kisu. Ndizo zinazoiwezesha jiwe dogo kusawazisha gunia zima. Rangi ilizijaa ncha zile. Mizani haikupima tena. Nikajiambia, si neno, nani atapima karafuu Maskati?

Hitilafu ya pili niliambiwa kwa simu. Nilikuwa nimempelekea picha kwa posta shangazi yetu aliyekuwa London, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Alinipigia siku aliyoipokea, na badala ya kunipongeza akasema:

"Mwanangu, umeinyoa. Alama za Babu ziko wapi?"

Nikamwuliza alama gani. Akanieleza kuwa katika mkono wa shaba Babu alikata kwa tupa mistari mitatu midogo, moja ya frasila moja, moja ya frasila mbili, moja ya frasila tatu, kwa sababu wengi waliomwuzia hawakuzijua tarakimu za Kizungu, na yeye alitaka kila mtu aone kwa macho yake jiwe linaposimama. Yeye shangazi, akiwa mtoto, alikuwa akikaa juu ya magunia na kuitazama mistari ile. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alisema kuwa mistari haikukatwa penye 35 barabara. Ilipita kidogo. Na alikumbuka mwanamke mmoja, jirani, akiondoka na fedha zake huku akisema: "Frasila ya hapa ina watoto."

Nililileta neno hilo kwa ami yetu wa Dubai, naye akalikasirikia. Akasema bila shaka mistari ilipita 35, kwani karafuu zilipimwa ndani ya gunia, na gunia lina uzito wake. Babu aliuongeza uzito wa gunia ili asiwalipe watu kwa magunia matupu, na mfanyabiashara yeyote mwaminifu angefanya hivyo. Maelezo hayo yanakubalika kabisa. Ya shangazi pia yanakubalika.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa watoto mnaosoma hesabu. Jambo hili lingeweza kuamuliwa kwa rula. Tuseme gunia tupu lina ratili 2. Kama Babu alikuwa akiongeza gunia, basi mistari ingekuwa penye 37, 72 na 107, kwa sababu gunia ni moja tu, frasila ziwe moja au tatu. Lakini kama alikuwa akiongeza ratili 2 kwa kila frasila, mistari ingekuwa penye 37, 74 na 111. Ziada isiyobadilika ni gunia. Ziada inayokua pamoja na mzigo ni mali ya watu. Mistari mitatu ya tupa ilikuwa imeuhifadhi ukweli huo kwa zaidi ya nusu karne, imepita mikono ya watu wengi wasioijua, imepita kiwanja cha vyuma chakavu, ikafika salama mpaka kwangu mimi, mtu wa hesabu, nami nikaisugua ili ipendeze pembeni ya kochi.

Wako walioniambia alhamdulillahi, bora imefutika. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kwanza, kama Babu alikuwa mwaminifu, mimi nimemnyang'anya shahidi wake, na sasa anasimama mbele ya wajukuu zake kwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Pili, kama hakuwa mwaminifu, wale majirani walikuwa na majina, na wajukuu wao wapo. Mmoja wao anaishi hapa Maskati na tunasalimiana msikitini kila Ijumaa. Deni la marehemu hulipwa na warithi wake. Nani kati yetu atalipa kwa kukisia, na nani atasema hakuna deni kwa kukisia?

Tangu siku hiyo nimebadilisha mwendo. Chombo kikija kwangu, hakiguswi kwanza. Kinapigwa picha kila upande, alama zake zinapimwa kwa rula, anaulizwa mzee aliyekitumia, na maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, yawe matamu au machungu. Kisha ndipo tunaulizana kama kinafaa kuwekwa juu ya meza. Mjukuu wangu, yule yule wa cherehani, ndiye anayeshika daftari. Mwaka uliopita aliziondoa rangi katika zile ncha za mizani, taratibu, kwa mti mwembamba, akaisawazisha upya. Mizani ya Babu inapima. Mkono wake ni mwembamba kidogo kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo inahitaji kipande cha risasi upande mmoja, nacho tumekiacha kionekane.

Nina ombi moja, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Mpwa wangu, aliyeko Toronto na hakuweza kufika, anasema siku ile Wete binamu yake alikuwa na kamera na alipiga picha sita au saba. Tatu tumezipata. Katika moja mkono wa shaba unaonekana vizuri kabisa, isipokuwa mnunuzi ameweka kiganja chake juu ya sehemu yote ya kati. Mstari wa kwanza tunauona, unaanguka baina ya 36 na 38, na mmoja hautoshi. Zilizobaki ziligawiwa kwa jamaa wakati wa arusi ya mwaka 1997, ndani ya bahasha pamoja na picha za arusi. Tafadhali, mkirudi London, Dubai, Mombasa na Unguja, zifungueni albamu zenu na masanduku ya mama zenu. Aliye na filamu yenyewe, hata ikiwa imefifia, asiitupe.

Mizani ipo pale karibu na mlango, na kichwa cha cherehani kipo juu ya meza ndogo, na daftari liko baina yao. Mimi nitakaa hapo mpaka chakula kiishe kuondolewa. Anayekumbuka chochote, au aliyesikia chochote kwa mama yake, aje aseme, nasi tutaandika.